Nguo Hazijifui: Kutoka Majivu hadi Ziwa Bogoria

Kama wewe ndiye unayefua nguo za watu sita kila Jumamosi, huhitaji mwanafunzi wa uzamili aje kukuambia kwamba kufua ni kazi. Sare za shule zina wino na matope. Shuka la mtoto wa mwisho limekojolewa. Kuna taulo, kuna kanga, kuna jinzi ambayo ikishalowa inakuwa nzito kama gunia la mchanga. Na kabla hujagusa sabuni umeshabeba maji: ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, na hakuna familia inayofuliwa kwa ndoo moja. Unaloweka, unafikicha, unakamua, unasuuza mara mbili, unaanika, halafu wingu likijikusanya unakimbia kuanua. Pasi bado.

Sisi tuna swali moja tu juu ya kazi hii. Binadamu amekuwa akivumbua vitu vya kurahisisha kufua kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mbona basi mikono bado inachubuka?

Mwanga kidogo tunaupata kwenye mchoro wa mwaka 1959. Mkemia Mjerumani aitwaye Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya Henkel, alichora duara akaligawa vipande vinne: kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda. Maji ndiyo yanayobeba vyote vinne. Kanuni yake ni nyepesi: doa litatoka duara likijaa. Ukipunguza kipande kimoja, kingine lazima kitanuke kuziba pengo. Maji yako ni baridi? Basi sugua zaidi, au loweka usiku kucha. Sabuni imebaki kidogo? Chemsha. Huna muda kwa sababu watoto wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi? Weka sabuni nyingi, na mkono ufanye kazi mara mbili. Dobi yeyote alikuwa anayajua haya zamani sana. Sinner aliyachora tu.

Ukiishika hiyo duara mkononi, historia nzima ya kufua inasomeka kama daftari la madeni. Kila uvumbuzi ulipunguza kipande kimoja, na kila mara kuna mtu mahali fulani aliyelipia tofauti. Hebu tuanze Roma.

Mkojo, majivu na sabuni

Wafuaji wa Roma ya kale hawakuwa wanatumia sabuni kufulia. Walitumia mkojo. Mkojo ukikaa siku kadhaa, urea iliyomo huvunjwa na bakteria ikawa amonia, na amonia ni alkali: inashambulia mafuta na jasho lililoganda kwenye sufu. Kaisari Vespasian, aliyetawala kuanzia mwaka 69 hadi 79, hata aliutoza kodi mkojo uliokusanywa vyooni, kwa sababu ulikuwa bidhaa yenye wanunuzi. Kipande cha kemikali kilikuwa hicho. Kipande cha nguvu kilikuwa miguu ya watu, wengi wao watumwa, waliosimama ndani ya mabeseni ya mawe wakikanyaga nguo za wengine. Huko Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, mabeseni hayo yapo mpaka leo.

Sehemu nyingine za dunia alkali ilitoka jikoni. Majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu. Ukiyamwagia maji na kuyachuja unapata maji yanayoteleza kwenye vidole. Wapishi wa magharibi mwa Kenya wanaochuja majivu kupata musherekha wa kulainishia mboga wanafanya kemia ileile, na wewe unayetia magadi kwenye makande pia. Alkali ikikutana na maganda magumu ya mahindi, inayalegeza. Ikikutana na mafuta kwenye moto, inayageuza kuwa sabuni.

Molekuli ya sabuni ina tabia mbili. Kichwa chake kinapenda maji, mkia wake unapenda mafuta. Mikia inajichomeka kwenye tone la mafuta lililong'ang'ania kola ya shati, vichwa vinabaki nje vikitazama maji, na ukifikicha kidogo tone lote linang'oka likiwa limezungukwa. Neno lenyewe limesafiri: sisi tumelipata kwa Waarabu, nao asili yake ni Kilatini.

Udhaifu wa sabuni unaujua kama umewahi kufulia maji ya kisima. Unapaka, unapaka, povu halitoki. Badala yake unaona utando mweupe unaelea na nguo zinakauka zikiwa ngumu. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye maji magumu huishika sabuni na kuigeuza kuwa uchafu usioyeyuka. Kwa hiyo sabuni yako ya kwanza yote inaishia kupigana na maji, siyo na doa. Chumvi ya kawaida ikiwa nyingi nayo huifukuza sabuni isiyeyuke. Watengeneza sabuni hutumia mbinu hiyohiyo makusudi, wanamwaga chumvi kwenye sufuria ili sabuni ijitenge ielee juu.

Magadi yanaingia kwenye hesabu

Karne ya 18 Ulaya ilianza kuishiwa alkali. Viwanda vya nguo, vioo na sabuni vilikuwa vinakula majivu kuliko misitu ilivyoweza kutoa. Mwaka 1783 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikatangaza zawadi kwa atakayetengeneza soda kutokana na chumvi ya bahari. Daktari Nicolas Leblanc aliweza, akapata hataza mwaka 1791, katikati ya mapinduzi. Kiwanda chake kilitaifishwa, zawadi hakupewa, na mwaka 1806 alijiua.

Njia yake iliendelea bila yeye, hasa Uingereza, na sabuni ikaanza kushuka bei. Lakini kwa kila tani ya soda, mabomba ya viwanda yalitema gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Karibu na Liverpool miti ilikauka, mazao yakaungua, na watu waliokaa chini ya moshi huo walikohoa. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhibiti gesi hiyo mwaka 1863. Ukiitazama kwa duara la Sinner, mke wa karani wa London alipata kipande kikubwa cha kemikali kwa bei nafuu, na salio lake lililipwa na mkulima aliyekuwa maili mia mbili kutoka kwenye beseni lake.

Huku kwetu soda haikuhitaji kiwanda cha Leblanc. Ilikuwa imelala tu. Bonde la Ufa lina maziwa yasiyo na mto wa kutokea. Maji ya chemchemi za moto huleta madini, jua hufyonza maji, na kinachobaki ni gamba la magadi. Kampuni ya kuchimba magadi kwenye ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ilianzishwa mwaka 1911, na tawi la reli likajengwa kutoka njia kuu ya Mombasa kwenda kuyachukua, ndani ya eneo ambalo lilikuwa malisho ya Wamaasai. Uchimbaji unaendelea hadi leo chini ya Tata Chemicals. Soda ya namna hii huenda zaidi kwenye vioo, lakini sehemu yake huingia kwenye sabuni za unga, ambako kazi yake mojawapo ni kuikamata ile kalsiamu ya maji magumu ili isiisumbue sabuni.

Joto, chawa na inzi wa kwenye kamba

Kuna watu husema kipande cha joto ni anasa ya Wazungu, sisi jua linatutosha. Hapo tunapinga kidogo.

Mwaka 1909 huko Tunis, daktari Charles Nicolle alikuwa anasumbuliwa na fumbo la homa ya tifasi, ile inayoua watu magerezani na vitani (siyo taifodi, usichanganye). Nje ya hospitali wagonjwa waliambukiza kila aliyewakaribia. Waliowapokea mlangoni waliugua, na walioshughulika na nguo zao waliugua pia. Lakini mgonjwa akishaogeshwa, akanyolewa na kuvalishwa nguo za hospitali, wadini alilala pamoja na wenzake bila kuwaambukiza. Nini kiliachwa mlangoni? Nguo. Nicolle akafanya majaribio kwa nyani na kuthibitisha kwamba msambazaji ni chawa wa mwili, ambaye haishi kwenye nywele bali kwenye mishono ya nguo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928.

Usidhani ni habari za kale. Miaka ya 1990, vita vya Burundi vilipowarundika watu kwenye kambi na magereza ya milimani, kwenye baridi, bila nguo za kubadilisha wala mahali pa kufulia, tifasi ilirudi na kuugua kukafikia makumi ya maelfu ya watu. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote tangu Vita Kuu ya Pili. Chawa huyo na mayai yake hafi kwa maji baridi na sabuni kwa uhakika, ila maji ya nyuzi joto 54 kwa dakika tano yanammaliza.

Halafu yuko inzi. *Cordylobia anthropophaga* hutaga mayai kwenye mchanga au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, hasa zenye harufu ya mkojo au jasho. Mayai huanguliwa kwa siku moja hadi tatu, na buu dogo likipata joto la ngozi linajichimbia ndani na kutengeneza jipu lenye tundu. Nepi ni mahali pake pazuri. Sasa unaelewa kwa nini bibi alishikilia kila nepi ipigwe pasi ya mkaa pande zote mbili, hata kama hakuna mgeni atakayeiona. Wengi tulidhani ni upole wa mikunjo. Kumbe pasi ni silaha. Ukianika, anika juani kabisa, mbali na ardhi. Ukianika kivulini au ndani ya varanda, pasi isikose, na usiruke mishono na lastiki za chupi.

Mwanajiografia Gilbert White, daktari David Bradley na Anne White walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960 wakipima maji yanayotumika majumbani, wakachapisha kitabu mwaka 1972. Humo Bradley alitenganisha magonjwa yanayoletwa na maji machafu na yale yanayoletwa na maji *kidogo*. Upele, trakoma na magonjwa ya chawa yako kwenye kundi la pili. Kwa magonjwa hayo, ndoo ya ziada ya maji ya kawaida inasaidia kuliko glasi ya maji safi sana. Na ndoo ya ziada ina mbebaji.

Mashine iliyoongeza kazi

Mwaka 1907 Henkel waliingiza sokoni unga wa Persil, jina lililokatwa kutoka perborate na silicate. Perborate ikichemshwa hutoa oksijeni inayong'arisha madoa bila kusugua, kwa hiyo tangazo liliahidi kwamba nguo zitajifua. Ahadi ilikuwa ya kweli nusu. Kipande cha nguvu kilipungua, kipande cha joto kikapanda mpaka kuchemka, na kuni au makaa ya mawe hayakujileta yenyewe jikoni.

Mashine ya umeme je? Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan aliandika mwaka 1983 kitabu kizima kuonyesha kwamba vifaa vya nyumbani viliongeza kazi ya mama. Kabla ya mashine, familia nyingi za kipato cha kati Marekani zilimlipa mfuaji au zilipeleka nguo kwa kampuni za dobi. Mashine ilipoingia ndani, mfuaji aliondoka na nguo zikarudi kwa mama. Wakati huohuo viwango vya usafi vilipanda: shati lililokuwa linavaliwa siku tatu likawa la siku moja. Kila mzigo ulikuwa mwepesi, lakini mizigo ikawa mingi. Ukitaka kulipima hili huhitaji kwenda Marekani. Nenda kwenye nyumba yoyote ya mjini iliyonunua mashine mwaka jana, muulize mama fua aliyekuwa anakuja Jumatano sasa yuko wapi, halafu uliza ni nani anayeijaza mashine hiyo maji kwa ndoo bomba likikatika.

Wakati huo kemia haikulala. Wajerumani, walipoishiwa mafuta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walianza kutengeneza vitu vinavyofanya kazi ya sabuni bila mafuta ya kula. Mwaka 1946 Wamarekani wakatoa Tide, ambayo ilichanganya povu la namna hiyo na fosfeti za kulainisha maji magumu. Kisima cha chumvi hakikuwa tatizo tena! Lakini molekuli za mwanzo zilikuwa na mikia yenye matawi ambayo bakteria hawakuweza kuitafuna. Miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu, na mahali pengine ukifungua bomba maji yalitoka yakitoa povu yenyewe. Hadi katikati ya miaka ya 1960 viwanda vilikuwa vimehamia kwenye mikia iliyonyooka. Fosfeti nazo zilirutubisha mwani kwenye maziwa, Erie likiwa mfano mbaya kuliko yote, na nchi nyingi zikaziwekea mipaka.

Vijidudu vya maziwa ya magadi

Uvumbuzi unaotupendeza sisi zaidi ni vimeng'enya. Ni protini ambazo viumbe hutengeneza ili kukata vitu vingine: proteasi hukata protini za damu na maziwa, lipasi hukata mafuta, amilasi hukata wanga wa uji. Mjerumani Otto Röhm alipata hataza ya kufulia kwa vimeng'enya mwaka 1913, akitumia vilivyotoka kwenye kongosho za wanyama wa machinjioni. Havikustahimili sana, kwa sababu sabuni ni alkali na kongosho halikuumbwa kufanya kazi kwenye magadi. Miaka ya 1960 vikapatikana vya bakteria, imara zaidi, na hapo biashara ikalipuka. Vumbi lake liliwapa pumu wafanyakazi wa viwandani. Taarifa za kitabibu zilitoka mwaka 1969, na ndipo vikaanza kufungwa ndani ya punje zisizopeperuka. Zile chembe za rangi unazoziona kwenye unga, baadhi ni hizo.

Sasa jiulize: kama unataka kimeng'enya kinachopenda alkali na joto, utakitafuta wapi? Kwa kiumbe anayeishi humo. Ziwa Bogoria na Nakuru ni maji ya magadi makali, pH karibu 10, na pembeni mwa Bogoria chemchemi zinatokota. Flamingo wanapendeza kwenye kalenda, lakini utajiri mwingine uko kwenye tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli za bakteria kwenye maziwa hayo, na kampuni ya Genencor ya Marekani ikaja kuuza vimeng'enya vilivyotokana nazo. Ni vya aina ya selulasi: vinanyoa vijinyuzi vya pamba vilivyosimama, nguo inabaki laini na rangi inaonekana mpya. Viwandani huipa jinzi ule mpauko wa kuzeeka bila kuigonga na mawe.

Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya mapato, likisema vijidudu vilitoka kwenye hifadhi bila makubaliano. Kampuni ilijibu kwamba ilivipata kihalali. Mkataba wa kimataifa wa bioanuwai ulianza kufanya kazi Desemba 1993, na kanuni za kugawana faida zilikuja kukaa vizuri kwenye Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010. Kwa hiyo kesi ilikuwa ngumu kisheria hata kama kimaadili wengi tunaona iko wazi. Inaweza kabisa kutokea kwamba mkazi wa Baringo anasugua kwa mkono, maji baridi, sabuni ya mche, huku kilichotoka kwenye ziwa la nyumbani kwao kikimpunguzia mtu wa Ohio kipande chake cha nguvu.

Vimeng'enya vipo madukani kwetu pia siku hizi. Soma nyuma ya pakiti. Utaona neno "enzymes". Ukilipata, tumia hivi: loweka nguo kwenye maji ya vuguvugu unayoweza kuvumilia mkono, dakika 30 au zaidi, kabla ya kuanza kufikicha. Usimwagie maji yanayochemka, yanaivuruga protini hiyo kama yai linavyoiva. Usitie jiki kwenye beseni hilohilo, inaviua. Jiki isubiri maji ya pili, na kamwe isikutane na dawa ya choo yenye asidi, maana hiyo inatoa gesi ya klorini. Madoa ya damu na maziwa yaanzie maji baridi kabisa. Sare za wiki zikiingia majini Ijumaa jioni, Jumamosi utakuta kola zimelegea zenyewe, na anayefua anaweza kuwa hata kaka yao.